Simu Nilizozikata kwa Kidole

Otilia mwanangu,

Mambo ya safari sitayagusa. Pochi uishike vipi, stendi usimwamini nani, chakula gani cha njiani kitakuvuruga tumbo, hayo mama yako atakueleza mpaka uchoke, na ukishachoka atayarudia. Yuko chumbani anafunga begi lako. Anajua ninachoandika huku jikoni, ndiyo maana tangu tumalize kula hajaniita hata kunituma maji.

Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Nashukuru umetoka. Ungekuwa karibu, unapita na ndoo yako, unaniuliza, "Baba unaandika nini?", nadhani ningesema naandika mahesabu ya mbolea.

Juzi mlikuwa uani na mama yako mnapukuchua mahindi. Mimi nilikuwa nyuma ya banda natia mpini kwenye jembe, mkadhani sipo. Nikakusikia unamwambia kwamba ukifika chuoni utaomba wakubadilishie kozi, uuguzi uuache, usome hata uhazili. Mama yako akashangaa. "Wewe? Uliyekuwa ukiwafunga kuku bendeji tangu hujajua kusoma?" Ukamjibu, "Mama, mimi si mtu wa kuachiwa mgonjwa." Ulisema taratibu, wala hukuacha kupukuchua.

Mpini ule sijaumaliza mpaka leo. Maneno hayo si yako, Otilia. Niliyaweka mimi mdomoni mwako, nikakuacha utembee nayo tangu msiba wa bibi yako, na kesho ulikuwa unataka kupanda nayo gari. Sasa sikiliza. Siku ile uko Lituhi na bibi yako, simu zako zilinifikia. Zote. Mtandao haukuwa na tatizo lolote. Nilizikata mimi, kwa kidole hikihiki kinachobana kalamu.

Rudia kusoma kama hujaamini. Mimi siwezi kuandika mara mbili.

Nitakueleza ilivyokuwa. Sijitetei, maana hakuna pa kujitetea, ila nataka uione yote, usije ukabaki na vipande ukaanza kunitafutia sababu nzuri. Nakujua, wewe ni mtu wa kuwatafutia watu sababu nzuri.

Ile saa uliniletea mwenyewe. Ulikuwa umekaa likizo kwa bibi, mmeanika usipa na kuuza, na vidagaa vile vikakupa chako mkononi. Badala ya kujinunulia viatu ukapita Mbinga mjini kwa wale vijana wanaotandaza bidhaa juu ya turubai, ukaninunulia saa janja. Ya bei rahisi, mkanda wa mpira, kioo kidogo kama biskuti. Nikakubeza. Nikasema, "Saa ya nini, kwani jua silioni?" Ukacheka. Ukasema, "Baba, nesi alisema presha yako inataka utembee. Hii itakuhesabia hatua. Halafu simu yako kila siku iko kwenye koti, koti liko kwenye msumari, sisi tunapiga mpaka tunakata tamaa. Sasa simu ikiita, saa inakutikisa mkononi na jina la mtu linatokea. Hutakosa simu yangu tena."

Ulisema kweli. Sikuikosa hata moja.

Loo, ile saa ilinipandisha kichwa! Mtu mzima kabisa, nakunja mkono wa shati kwenye baridi ya huku kwetu Mpepai ili watu waone. Kanisani nikipokea komunyo natanguliza mkono wa kushoto. Na siku ya kumenya kahawa nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukuambia. Nikiuzungusha mpini wa mashine ya kumenyea, saa inahesabu hatua. Nimekaa kwenye kigoda changu, mguu haujasogea, mkono ndio unaozunguka, na saa inaniandikia natembea. Jioni nikamwonyesha mama yako, "Tazama mwenyewe, leo nimefika mjini na kurudi." Akaniangalia kwa nyuma, akasema, "Ulipita njia gani, mbona suruali ina alama ya kigoda?"

Hesabu zile nikampelekea nesi. Akanisifu mbele ya wagonjwa wenzangu, "Mnaona mzee anavyojitahidi?" Presha ikabaki palepale, yeye akashangaa, na mimi nikashangaa naye, nikatikisa kichwa kabisa kama mtu asiyeelewa. Siku hizo nilikuwa nacheka peke yangu nikikumbuka. Sasa naona ndipo nilipoanza kuzoea kusifiwa kwa safari ambayo sikuitembea.

Kwenye simu ulinifundisha kwamba ikiita zinatokea alama mbili, ya kijani na nyekundu. Ya kijani kwenye saa ile ilikuwa pambo tu, kwa sababu haina pa kuongelea, lazima uifuate simu yenyewe kwenye koti. Nyekundu ndiyo ilikuwa na nguvu. Unagusa tu, mtu wa watu huko aliko anakatika. Kitu hicho nilikipenda, mwanangu. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa napiga simu za wakubwa hazipokelewi. Sasa nami nikawa na kidole cha kuwafanya wengine wasubiri.

Siku yenyewe tulikuwa kwenye kikao cha kikundi cha kahawa. Tunabishania zamu za mtambo wa kumenyea, na mimi ndiye nimesimama, nazungumza, watu wametulia wananisikiliza. Saa ikatikisika. Nikaitazama: Otilia. Nikajua unachotaka. Kabla hujashuka tena kwa bibi ulikuwa umeniuliza habari ya chuo, nami nikakujibu tutaona. Jibu nilikuwa nalo, lilikuwa ndiyo, mama yako analijua. Ila nilitaka uniombe tena. Baba wengine tuko hivyo, tunapenda kuombwa kitu ambacho tumeshaamua kutoa. Nikasema moyoni, anakumbushia ada huyu, acha asubiri. Nikagusa nyekundu.

Kandidus jirani yetu akaona. Unamjua Kandidus alivyo. "Mwangalieni mkubwa," akasema, "anaua simu kama mbu!" Kikao kizima kikacheka. Nikaona raha. Ikatikisika tena, nikaikata tena, sasa kwa madaha, nimeinua mkono juu ili na wale wa nyuma wasikose. Ukapiga tena. Nikakata. Ukapiga tena. Mwisho nikasema kwa sauti, "Watoto wa siku hizi wakitaka kitu hawajui kwamba baba naye ana shughuli zake." Wazazi wenzangu wakaitikia, kweli kabisa, kweli kabisa.

Wewe wakati huo ulikuwa umesimama nje ya zahanati. Bibi yako yuko ndani, mmembeba na majirani, ametundikiwa dripu, na mhudumu amekushika bega amekwambia, "Binti, waite wakubwa wako."

Ndipo ukaandika ujumbe. Hapa nataka usome polepole. Kile kioo ni kidogo, kinaonyesha mistari michache ya mwanzo, mingine mpaka uisukume kwa kidole. Mistari niliyoiona ni hii: "Shikamoo baba. Habari za nyumbani? Mama hajambo? Sisi huku tunamshukuru Mungu." Kioo kikajaa. Nikasema, aha, sasa amekuwa na adabu, anasalimia kwanza ndipo aombe. Nikaufuta ujumbe kwenye kioo, nikaendelea kuhutubia.

Bibi yako alikuwa chini ya salamu. "Bibi hali yake ni mbaya baba, anakuulizia wewe tu, naomba uje leo." Mstari mmoja tu chini ya pale nilipoishia.

Na ni nani aliyekufundisha kuandika hivyo? Uko bwenini, kidato cha kwanza, uliazima simu ya matroni ukaniandikia, "Baba naomba hela ya sabuni." Bila shikamoo. Nikakaa kimya mpaka ulipoandika upya kwa salamu, na uliporudi likizo nikakuweka kitako mbele ya wageni, nikakuuliza kama mimi na wewe ni rika moja. Ukalia mpaka kwikwi. Tangu hapo hujawahi kuniandikia bila shikamoo, bila habari za nyumbani, bila kumshukuru Mungu. Hata siku ile. Bibi yako anakata roho ndani, wewe uko nje peke yako, na bado ulianza kwa kuniuliza kama mama hajambo. Nikifika hapo kwenye kumbukumbu natamani ardhi ipasuke inimeze.

Basi nakuomba, ukiwa na habari nzito, itangulize. Ianze yenyewe. Shikamoo itafuata nyuma, haijawahi kumkimbia mtu. Na mkubwa yeyote atakayekukasirikia kwa hilo, mwambie baba yako ndiye aliyekuruhusu.

Nilirudi nyumbani jua linazama. Nikatoa simu kwenye koti nililovaa niichaji, ndipo nikausoma ujumbe wote. Gari la kushuka ziwani lilikuwa limeshaondoka tangu mchana. Nikakupigia. Ulipopokea, kabla hujasema kitu, nilisikia kilio nyuma yako, kilio cha akina mama wengi. Ukasema, "Baba, bibi ametuacha."

Unakumbuka nilichokujibu? Mimi nakikumbuka kila ninapoamka. Mama yangu mzazi amekufa, mwanangu yuko peke yake na maiti na giza linaingia, na neno la kwanza lililonitoka ni, "Mtandao, mwanangu. Mtandao leo ulikuwa haupo kabisa, ujumbe ndio umeingia sasa hivi." Sikusema pole. Sikusema ole wangu mama. Nilianza na mtandao. Sikuufikiria uongo ule, ulikuja mwenyewe, kwa sababu huku kwetu ni uongo wenye kitanda tayari. Nani hajui kwamba huku bondeni watu wanaacha simu zao zimening'inia kwenye mti wa juu ili zidake? Hakuna atakayeuliza.

Asubuhi nilipokuwa nyuma ya bodaboda nashuka Lituhi, nilitoa simu, nikazifuta zile simu zako kwenye kumbukumbu, nikafuta na ujumbe. Njia inateremka, ziwa linaonekana kule chini, mtu anakwenda kumzika mama yake, na mimi nimeinamia simu nafuta. Yule kijana wa bodaboda akadhani nalia. Akapunguza mwendo, akaniambia, "Jikaze mzee."

Sasa kile kikao cha ukoo baada ya matanga. Ulikuwepo, lakini nataka uone jinsi kilivyokuwa ukikitazama kutoka kwenye kiti changu.

Baba yako mdogo Desderi alikuwa na uchungu wa haki. Yeye yuko Kihagara, si mbali, angefika mapema tu angalau akamshika mama yake mkono. Akakusimamisha katikati. "Binti, mama yangu amekufa mimi napalilia mihogo. Kwa nini hukuniita?" Ukasema, "Baba mdogo, nilikuwa namtafuta baba kwanza. Yeye ndiye mkubwa." Na ni kweli, ndivyo tulivyowafundisha, habari ya nyumba inapita kwa mkubwa ndipo iende kwa wengine. Ulikuwa unafuata njia tuliyokuchorea sisi wenyewe. Desderi akasema, "Na ulipomkosa? Si ungetuma mtu! Habari ya mzazi anayekata roho hutumwa mtu na miguu yake. Nyie mmezoea kubonyeza. Mtu akitumwa hapotei hewani!" Wazee wakaguna kumuunga mkono.

Wewe ukasema, kwa sauti ndogo, "Ilikuwa inaita, baba mdogo. Inaita, halafu inakatika."

Wakanigeukia mimi. Otilia, hapo ndipo mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema tu. Wangenitukana, Desderi labda angenipiga, na mimi ningelia, na yangekwisha. Nikakohoa, nikasema, "Mtandao wa Mpepai mnaujua wenyewe." Wakatikisa vichwa. Wewe ukanitazama. Sijui ulikuwa unajua, au ulikuwa unaniomba nikusaidie. Nimejiuliza tangu siku ile na sijathubutu kukuuliza.

Halafu ukapiga magoti. Hakuna aliyekuambia upige. Ukasema, "Baba, nisamehe. Ningetuma mtu. Nimekunyima kuagana na mama yako." Nami nikaweka mkono kichwani pako, nikasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Ni utoto."

Nilikusamehe! Mimi! Ukipata mtu wa kukueleza dhambi hiyo inaitwaje mwulize, maana padri niliyemwendea aliniambia niisimulie upya tangu mwanzo.

Na pale pale, mkono ungali kichwani pako, saa ikaanza kutikisika. Si simu. Ile saa ina kitu cha kupima mapigo ya moyo, na moyo ukienda mbio kupita kiasi inatoa alama ya moyo mwekundu, inakutikisa upumzike. Ilikuwa inatikisika juu ya nywele zako, nina hakika uliisikia. Mzee aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, "Unapigiwa." Nikamjibu, "Waache, niko kwenye kikao." Nikashusha mkono wa shati nikaifunika. Yule mzee ndiye aliyesema baadaye mbele ya watu kwamba baba wenye moyo wa kusamehe namna hii wamebaki wachache. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Unyenyekevu, mimi!

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na kila hatua nimelazimika kuongeza uongo mwingine ili nivuke. Tulipopanda huku, Kandidus alikuja kunipa mkono wa pole. Akaniuliza taratibu, "Kaka, kumbe zile simu za siku ile mtoto alikuwa anapigia hilo?" Nikasema hapana, zilikuwa za watu wa matangazo. Alinisikia kwa masikio yake nikisema watoto wa siku hizi. Akanitazama, akasema, "Sawa, mkubwa." Tangu hapo hajanitania tena. Tukikutana ananiamkia vizuri kama mtu wa ofisini, anapita. Umewahi kuniuliza mbona Kandidus haji tena jioni. Ndiyo sababu.

Saa niliitupa. Niliitupa kwenye lundo la maganda ya kahawa nyuma ya mashine, nikasema ndiyo iliyoniletea balaa, kama Desderi anavyolaani kila kitu cha betri. Kesho yake nikaenda kuifukua kwa mikono. Ilikosa nini? Ilitikisika kila ulipopiga. Jina lako iliandika sawasawa. Hata pale kikaoni, ndiyo pekee iliyokuwa inajaribu kunizuia.

Ninakwenda mbali na ninachotaka kusema. Ninachotaka kusema ni wewe.

Yule mama jirani wa bibi, Mama Edigna, aliniita pembeni siku ya tatu ya msiba. Hakuwa ananilaumu, alidhani ananifariji. Akaniambia, "Baba Otilia, mshukuru Mungu kwa mtoto huyu. Hakumwachia mama mkono hata kidogo. Alimwogesha, alimgeuza, alimnywesha uji kwa kijiko. Mama akiuliza, 'Mwanangu amefika?' yeye anamwambia, 'Yuko njiani, bibi.' Akiuliza tena, anamjibu tena, 'Yuko njiani.' Mama akalala na hilo." Nikamshukuru, nikaenda nyuma ya choo nikasimama huko peke yangu.

Kwa hiyo mama yangu alikufa anaamini nakuja, na hiyo ni kazi yako. Wewe uliyekuwa hujui niko wapi, uliyekuwa unakatiwa simu, ulirudi ndani kila mara ukafuta machozi mlangoni ukaingia na uso mzuri. Utafundishwa mengi huko chuoni, mishipa, sindano, vidonge. Hilo sidhani kama wanalifundisha. Ulikwenda nalo Lituhi ukiwa nalo tayari. Ukisema wewe si mtu wa kuachiwa mgonjwa, unamwambia bibi yako kwamba hakujua aliyekuwa naye, na bibi yako hakuwa mjinga.

Asiyefaa siku ile nilikuwa mimi.

Nawe kazini utakosea. Kila anayegusa watu anakosea, hata ukiwa makini vipi. Siku hiyo sema siku hiyohiyo, hata kama kuna watu wanaokuheshimu wamesimama pale. Kosa langu la kwanza lilikuwa la majivuno ya muda mfupi, la mtu mpumbavu mbele ya wenzake, na nadhani ungenisamehe tukiwa bado tunamlilia bibi pamoja. Nilichokijenga juu yake ndicho kilichotaka kukuharibia maisha. Na mtu akija kukuomba radhi kwa kosa ambalo unajua ni lako, mshike mkono kabla goti halijagusa chini. Fanya hivyo hata ukiwa mkubwa wa wodi nzima.

Jana nilimwambia mama yako. Alikuwa anasonga ugali. Nikamwambia yote, nimesimama mlangoni kama mgeni. Hakupiga kelele. Mwiko ukasimama, akaniuliza, "Na mtoto umemwambia?" Nikasema bado. Akasema, "Basi mimi unaniambia nini?" Akaendelea kusonga. Chakula alichonipa kilikuwa kilekile cha siku zote, lakini hakukaa mezani.

Sasa kuhusu kesho. Baba yako mdogo Desderi amepanda kutoka Kihagara, amelala Mbinga mjini kwa shemeji zake. Usidhani amekuja kukuaga tu. Nilimwita mimi. Nimekusudia kwamba stendi, kabla hujapanda gari, nimshike mkono nimwambie mbele yako: mtoto huyu aliita, ni mimi niliyekata, na mama yetu alikufa ananiulizia kwa sababu yangu. Nimerudia maneno hayo shambani peke yangu mpaka nimeyazoea.

Lakini najijua. Hata kwenye kile kikao nilikuwa nimekusudia. Usiku wote wa kuamkia siku ile nilikuwa nimepanga nitakavyosema, na nilipofungua mdomo ukatoka mtandao. Mtu aliyekusudia mara moja akashindwa hana haki ya kukuomba umwamini mara ya pili.

Ndiyo maana nimeandika. Barua hii nitakupa asubuhi kabla hatujatoka nyumbani, uisome yote. Tukifika stendi, ukiona nimemsemesha Desderi nikalia, vizuri, iweke kwenye begi au ichome, shauri lako. Ukiona naanza kuzungumzia mvua na bei ya kahawa, usinihurumie. Mpe yeye. Mwambie aisome pale pale kwa sauti, mama yako akisikia, na wapiga debe wakisikia, na yeyote mwenye masikio. Desderi anasoma masomo kanisani, sauti anayo.

Najua moyo wako. Utataka kuificha ili usinivunjie heshima. Usinilinde, Otilia. Ulishanipigia magoti mara moja kwa kosa langu, sitaki unipigie mara ya pili. Mpe barua, panda gari, ukasome uuguzi.

Baba yako.